Maisie au Mize? Naomba msaada kumtambua babu yetu kwenye sensa ya Uingereza ya 1921

#1 Mtambwe_Kwetu

Assalaam alaykum wanajamvi. Miaka yote mie msomaji wa kimya kimya humu, leo imebidi niandike.

Kwetu Mtambwe, Pemba. Tangu wadogo tunasimuliwa habari za baba yake babu yetu, Hamad bin Faki. Alipanda jahazi kwenda Unguja, na Unguja akaingia kwenye meli ya moshi kutia makaa. Hakurudi. Alichoacha ni mke, mtoto wa ziwani (bado ananyonya) na deni kwa Mhindi mwenye duka. Huyo mtoto wa ziwani ndiye babu yetu.

Sasa mtoto wa ami yangu anaishi Uingereza. Majuzi kaingia kwenye sensa ya kule ya 1921 akatafuta watu waliozaliwa Zanzibar. Katikati ya watoto wa wamishionari na wa maafisa wa kikoloni akakutana na kaya hii, mji wa Cardiff, mtaa wa Butetown. Nainakili alivyonitumia:

Hamed Facky, mkuu wa kaya, miaka 38 na miezi 0, kazaliwa Zanzibar, mtia makaa melini.
Edith, mke, miaka 29 na miezi 7, kazaliwa Cardiff.
Maisie, binti, miaka 4 na miezi 2.
Albert F., mtoto wa kiume, mwaka 1 na miezi 11.

Nyumbani hakujalalwa. Ami keshaanza kuuliza pasi ya kusafiria inalipiwa kiasi gani. Tatizo ni kwamba kisiwani Kojani, huko huko Pemba, kuna watu wanasema wao pia wana Hamad bin Faki aliyepotelea Ulaya zama hizo hizo, na habari za sensa zilipowafikia wakatuma mtu kutwambia "huyo wetu".

Swali langu: sensa zetu za Zanzibar za miaka hiyo zipo wapi? Nataka niwaone hao Hamad wawili kwenye karatasi, kila mmoja na nyumba yake, niwatenganishe.

#2 MgeniWaBara

Mkuu, kwani majina ya kwenye sensa si siri? 2022 karani alivyokuja na kishikwambi chake alitwambia haya hayatoki nje. Au Wazungu wao hawana siri?

#3 Nahodha77

Naweka kambi hapa. Uzi huu utakuwa mtamu.

#4 MzeeWaMakaratasi

Waalaykum salaam. Mie mstaafu, nimekula vumbi la makaratasi zaidi ya miaka 30, kwa hiyo mtanivumilia nikirefusha.

MgeniWaBara, siri wanayo, ila imewekewa muda. Uingereza fomu zinafungwa miaka 100. Hiyo ya 1921 ilihesabiwa usiku wa tarehe 19 Juni. Ilipangwa iwe Aprili, wachimba makaa wakagoma, ikasogezwa. Ikafunguliwa Januari 2022. Na aliyeikosa humo ana kazi, kwa sababu ya 1931 ya England na Wales iliungua yote Desemba 1942, ya 1941 haikufanyika kwa ajili ya vita, na ya 1951 haifunguliwi mpaka 2052. Marekani wao wanangoja miaka 72. Ya 1950 wameifungua Aprili 2022.

Sasa kwetu. Mtambwe_Kwetu, nakuvunja moyo mapema ili usipoteze nauli. Zanzibar tumehesabiwa 1910, 1924, 1931, 1948, 1958 na kuendelea, lakini kinachosomeka ni ripoti, na ripoti ni jumla tupu. 1948 watu 264,162. 1958 watu 299,111. Humo humo bibi yako yumo, ila yumo kama moja katika hesabu. Hutamkuta na jina lake, wala jina la mumewe, wala idadi ya mbuzi wake. Na hizi za karibuni, majibu ya mtu mmoja mmoja yanalindwa na sheria ya takwimu.

Kwa hiyo yule wa Cardiff katokea kwenye karatasi kwa sababu alilala Cardiff. Angelala Mtambwe usiku ule, leo asingekuwa na jina.

Mambo mawili kwenye karatasi yako. La kwanza, fomu ya 1921 ilitaka umri kwa miaka na miezi. Edith ana miezi 7, watoto wana miezi yao. Hamed ana 38 na sifuri. Huyu hajui siku aliyozaliwa, kakisia, na mkewe au mwenyewe kaandika sifuri. Usiijengee nyumba 38 hiyo. Inaweza kuwa 33, inaweza kuwa 43. La pili, Facky ni Faki, hilo sina shaka, lakini Hamad bin Faki Pemba ni kama kusema "mtu wa shati jeupe". Mjukuu anapewa jina la babu, basi inakwenda Hamad Faki Hamad Faki mpaka mwisho wa dunia. Nipe jina la tatu. Hamad bin Faki bin nani?

#5 Mtambwe_Kwetu

Shikamoo Mzee. Wetu ni bin Faki bin Kombo. Wa Kojani sijui.

#6 Kojani_Halisi

Mimi ndiye huyo mtu aliyetumwa, hahaha. Jina langu nimeliacha mlangoni.

Wetu ni Hamad bin Faki bin Makame. Na nyie Mtambwe mna mikarafuu, mtu mwenye mikarafuu anaendaje kutia makaa? Mtu wa Kojani ndiye mtu wa bahari. Sisi mtoto akiota meno anapelekwa dago, kambi ya wavuvi. Huyo ni wetu, hata sensa haihitajiki.

#7 Mtambwe_Kwetu

Mikarafuu ipi? Nimekwambia kaacha deni. Kwenu dago, kwetu deni, vyote vinampeleka mtu baharini.

#8 Nahodha77

Hahahaaa. Kwetu dago kwenu deni. Nimecheka peke yangu kwenye boti.

#9 BintiShangani

Naomba niingie, ingawa yangu ni ya pembeni kidogo.

Mie nilianza kama mleta uzi, nilikwenda Jumba la Nyaraka pale Kilimani nikitafuta "sensa". Nikatoka na kitu kingine kabisa. Nyumbani tulifunzwa kwamba sisi Washirazi, baba Mshirazi, mama Mshirazi, hakuna kilichochanganyika. Nikaonyeshwa madaftari ya watu waliopewa uhuru baada ya amri ya 1897 ya Sayyid Hamoud. Mtu alikwenda mahakamani akaandikwa jina, kabila alilotokea, na bwana wake nani. Nikamkuta bibi mzaa bibi. Zafarani, Mnyasa. Jina la bwana wake ndilo ukoo tunaojiita mpaka leo.

Nilikaa na siri hiyo wiki nzima. Kisha nikamwambia mama, jikoni, anakuna nazi. Hakuacha kukuna. Akasema: "Nilijua. Mama alinambia nisikwambieni."

Ninachotaka kusema ni kwamba hata hizo ripoti zenye jumla tupu zina hadithi yake. Chukua ya 1924 na ya 1931 uziweke pamoja. Mwaka 1924 watu zaidi ya 30,000 walijiandikisha Waswahili. Mwaka 1931 wamebaki kama 2,000. Miaka saba! Hawakufa, wala hawakupanda jahazi. Wamebadili jibu. Mswahili lilikuwa limeshaanza kunuka utumwa, basi mtu akasema mimi Mshirazi, au Mtumbatu, au Mhadimu, au Mwarabu akiweza. Na Vita Kuu ya Pili ilipokuja, mgao wa chakula ukapita kwa kabila na mchele haukuwa wa kila mtu, ndiyo kabisa. Nani atajiita jina linalomnyima mchele?

Kwa hiyo mleta uzi, hata ungeipata fomu ya Mtambwe, ingekwambia babu yako alijibu nini siku ile.

#10 MgeniWaBara

Dada umenigusa. Sisi huku swali la kabila liliulizwa mara ya mwisho sensa ya 1967, wakaliondoa. Mzee wangu husema afadhali.

#11 MzeeWaMakaratasi

BintiShangani kasema kweli tupu. Naongeza moja kwa wanaotaka kwenda huko: amri ya 1897 haikuwagusa masuria mpaka 1909. Ukimtafuta bibi aliyekuwa suria kwenye daftari la 1897 au 1898 utamkosa, na utadhani ulisimuliwa uongo. Na mtoto wa suria kwa sheria yetu ni huru, anarithi sawa na nduguze, kwa hiyo kwenye mirathi mtoto anatokea na jina kamili la baba ilhali mama hayuko popote. Majina nayo yalibadilishwa. Siti binti Saad mwenyewe, mtoto wa Fumba, jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa.

Turudi Cardiff. Mtambwe_Kwetu, babu yako (yule wa ziwani) kazaliwa lini? Usinipe tarehe ya kitambulisho, hizo nyingi ni za kubuni. Nipe tukio.

#12 Mtambwe_Kwetu

Nimemuuliza shangazi. Anasema babu alikuwa hajatimiza arubaini ilipokuja habari kwamba Mjarumani kazamisha meli ya Waingereza Unguja.

#13 MzeeWaMakaratasi

Ahsante, na umpe salamu shangazi, hiyo ni bora kuliko cheti. Meli ni Pegasus, ilipigwa na Königsberg asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1914. Babu yako kazaliwa Agosti au Septemba 1914.

Sasa tupige hesabu. Maisie ana miaka 4 na miezi 2 tarehe 19 Juni 1921. Kazaliwa mwisho wa Machi au Aprili 1917, mimba yake ni kama Julai 1916. Hamad wenu kaondoka mtoto ananyonya, yaani baina ya mwisho wa 1914 na 1916. Lazima awe kafika Unguja, kapata meli, kafika Cardiff, kajuana na Edith, yote kabla ya Julai 1916, na vita imewaka. Haiwezekani? Inawezekana, meli zilikuwa zinakula watia makaa zama zile. Lakini imebana kama ndoo ya mdomo mwembamba.

Kojani_Halisi, wako kaondoka lini?

#14 Kojani_Halisi

Hatujui. Tunachojua kaondoka akiwa hajaoa.

#15 BintiShangani

Subirini. Kuna kitu kinanikera tangu juzi. Huyo mtoto wa kike, Maisie. Hebu lisomeni kwa sauti, kama Mzungu anavyolitamka, msilisome kwa macho.

Meizi.

Mize?

#16 Nahodha77

Yallah.

#17 Mtambwe_Kwetu

Nimepata baridi. Pemba kila nyumba ya tatu ina Mize.

#18 MzeeWaMakaratasi

Polepole. Maisie lilikuwa jina la kawaida Uingereza miaka hiyo. Edith anaweza kumwita binti yake Maisie bila ya kusikia neno Pemba maishani mwake. Na mkisema kamwita mtoto wa kwanza wa kike kwa jina la mama yake, mbona wa kiume ni Albert? Angekuwa Faki.

#19 BintiShangani

Mzee, mke Mzungu na mume Mpemba, si ndiyo watagawana? Yeye kapewa mmoja, wewe chukua mmoja. Halafu angalia tena: Albert F. Hiyo F ni nini?

#20 MzeeWaMakaratasi

Hapo umenipiga. Nilikuwa nimeipita.

Mtambwe_Kwetu, mwambie mtoto wa ami yako aache sensa sasa, atafute kizazi. Kwenye faharasa ya zamani ya vizazi vya miaka ile wanaonyesha jina la kwanza tu, mengine ni herufi, kwa hiyo huenda akakutana na F hiyo hiyo. Bora anunue nakala ya cheti chenyewe. Humo jina linaandikwa lote, na kazi ya baba, na ukoo wa mama kabla ya kuolewa. Albert kazaliwa mwisho wa Juni au Julai 1919.

Na akiwa bado ana nguvu: mabaharia wa meli za Kiingereza walifanyiwa kadi baina ya 1918 na 1921, nyingine zina picha. Zinahifadhiwa Southampton. Aulize.

#21 MgeniWaBara

Juni au Julai 1919, Cardiff. Nilisoma kwamba katikati ya Juni mwaka huo kulikuwa na ghasia kubwa kule, Wazungu wakiwapiga mabaharia weusi na Waarabu, watu walikufa. Mtoto kazaliwa wiki chache tu baada ya hapo.

#22 Mtambwe_Kwetu

Hilo sikulijua. Mwanamke na tumbo la miezi minane au tisa.

Wiki tatu nikae kimya basi, cheti kinakuja kwa posta.

#23 Khaloo_Wete

Kwa wanaongoja, na mimi nimechangamka. Sisi tuligombana na jirani mpaka wa shamba, tukaenda kutafuta hati ya zamani ya mauziano. Hati inataja mipaka: kaskazini shamba la fulani bin fulani bin fulani, kusini mto, mashariki mikarafuu ya warithi wa fulani. Mpaka tulishindwa, lakini nikapata majina ya mababu wa nusu ya kijiji, kila mmoja na vizazi vitatu, bure. Anayetafuta ukoo Pemba aanze na mikarafuu.

#24 MzeeWaMakaratasi

Khaloo, hilo nimelisema miaka 30 hapana anayenisikiliza. Na ziko nyingi za bei khiyar, shamba limewekwa kwa Mhindi kwa mkopo, basi jina la baba na babu limeandikwa vizuri ili mdeni asikimbie.

#25 Mtambwe_Kwetu

Wanajamvi, nimerudi. Cheti kimefika, mtoto wa ami kakipiga picha.

Albert Faki. Limeandikwa hivyo hivyo, Faki, kwa K moja na I, limekaa sawa kuliko kwenye sensa. Baba: Hamed Faki, baharia. Aliyetoa habari ofisini: baba mwenyewe, na kaweka alama ya msalaba badala ya saini.

#26 BintiShangani

Kwa hiyo baba alikwenda mwenyewe ofisini kutaja jina la mtoto. Si Edith.

#27 MzeeWaMakaratasi

Nakubali. Nyumba ile mwanamume alikuwa na sauti kwenye majina. Aliyempa mwanawe jina la baba yake hashindwi kumpa bintiye jina la mama yake. Maisie sasa ana uzito ambao hakuwa nao wiki tatu zilizopita.

Hamad wote wawili ni bin Faki, kwa hiyo Albert hatusaidii kuchagua. Maisie ndiye anayechagua. Nyote wawili, bila ya kuangaliana: mama yake Hamad wenu alikuwa nani?

#28 Kojani_Halisi

Mize binti Makame. Makame huyu si yule baba yake Faki, majina yamegongana tu. Na sisemi kwa mdomo. Kwenye sanduku la bibi kuna karatasi ya mirathi ya huyo Mize, imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Nimeipeleka kwa mwalimu wangu wa chuoni akanisomea. Tarehe ni Rajabu 1338. Warithi: watoto wake, Time na Hamad. Mbele ya jina la Hamad kadhi kaandika "ghaibu, yuko Ulaya", na fungu lake la mnazi na ngarawa liwekwe kwa Time mpaka arudi.

#29 MzeeWaMakaratasi

Rajabu 1338 ni Machi na Aprili 1920. Mwaka mmoja na kitu kabla ya fomu ya Cardiff. Allahu akbar. Mwanangu, karatasi hiyo itie kwenye nailoni leo hii, na usiikunje tena palipokwisha kunjwa.

#30 Nahodha77

Mleta uzi uko wapi?

#31 BintiShangani

Mwacheni.

#32 Mtambwe_Kwetu

Nipo. Nilikwenda Mtambwe kwanza.

Nilimuuliza ami: mama yake Hamad wetu nani? Akazunguka weee, mara sijui, mara watu wa zamani hawakuandika. Shangazi akamkata: "Si Asha binti Shaame? Kaburi lake unalipalilia wewe mwenyewe kila Shaabani." Ami akanyamaza. Alilijua tangu zamani, ila alikuwa ameshamhamishia Edith na watoto moyoni mwake.

Halafu juzi ikaja kadi kutoka Southampton. Ina picha. Kijana kavaa kofia ya kitambaa na koti lisilo lake, mabega yamening'inia, anamtazama mpiga picha kama anayedaiwa. Nimempa ami simu. Akaitazama muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili, akaikuza tena. Akasema: "Huyu si wetu. Masikio haya ya Kojani."

Sijui masikio ya Kojani yakoje. Lakini hapo ndipo alipoweza kuachia, na mie nikamshukuru Mungu kwa masikio.

#33 Kojani_Halisi

Hahaha masikio yetu yana nini jamani.

Ndugu yangu wa Mtambwe, nilikuja humu na ulimi mbaya, nisamehe. Pesa ya cheti na ya kadi tuambie tuirudishe.

#34 Mtambwe_Kwetu

Pesa hairudi, ni yenu. Mtoto wa ami kakasirika siku moja tu, sasa kasema atawakabidhi kila kitu na ataendelea kuwatafutia wajukuu wa Albert, maana keshazama na hawezi kulala. Picha, cheti na namba ya ukurasa wa sensa nimekutumia inboksi.

#35 Khaloo_Wete

Na Hamad wa Mtambwe je?

#36 Mtambwe_Kwetu

Tumerudi pale pale. Kaondoka na jahazi mtoto ananyonya. Shangazi sasa anasema huenda kaishia Vanga, pwani ya Kenya, kuna mtu aliwahi kumwona akiuza papa wakavu. Hilo hakuwahi kulisema miaka yote ya habari za Ulaya.

#37 MzeeWaMakaratasi

Mwandike shangazi maneno yake, yote, na siku aliyoyasema. Kisha niandikie faragha jina la mwenye duka aliyemdai. Kama deni liliwekewa shamba, kuna hati, na kwenye hati kuna mashahidi.

#38 Kojani_Halisi

Nimemwonyesha bi mkubwa picha. Ana miaka 80 na kitu, haoni vizuri, nimemsogezea simu karibu na uso. Hakulia kama nilivyodhani. Kauliza fungu la Hamad la mnazi nani anakula nazi zake sasa. Nikamwambia bibi, mnazi ule ulianguka zamani. Akasema basi, ngarawa? Nikasema na ngarawa.

Akakaa. Kisha akauliza: "Huyo Mize wa huko alizaa?"

#39 Mtambwe_Kwetu

Mwambie tunatafuta. Ndoa za Cardiff, kuanzia 1935 kwenda mbele. Mtoto wa ami kaanza jana usiku.